Gari la Dada na Kimya cha Baba

9 Februari

Mdogo wangu Cheche,

Salamu kutoka nyumbani. Tupo, hatujambo kwa viwango vyetu. Mwanangu amerudi chuoni na sanduku langu zuri la safari bila kuniomba, nami nimebaki na lake lisilo na zipu. Jirani yetu mwalimu amestaafu, na sasa wanafunzi wake ni kuku; kila asubuhi namsikia akiwagombeza mmoja mmoja kwa utovu wa nidhamu. Baba yupo. Anakula, analala, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni akiniangalia nikipaka keki krimu. Na wewe, mgongo unasemaje? Hilo daraja lenu limeshavuka maji, au bado linatafuta upande wa pili?

Sasa kaa chini. Nimenunua gari.

Si ule mkweche ambao shangazi alitaka niuchukue kwa shemeji yake. Jipya. Bado linanukia upya wa dukani, na plastiki za viti nilizitoa siku ile ile kwa sababu siwezi kuketi juu ya mfuko. Wanaliita krosova. Kwa lugha yetu sisi ni gari dogo lililojinyanyua kidogo: si saluni ya kuingia kwa kuinama kama unatafuta kiatu chini ya kitanda, wala si lile dude la kupandia kwa kudandia. Rangi ni kijivu, kama masufuria yangu.

Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye tai fupi, alitaka kunionyesha skrini, redio, na taa zinazojiwasha giza likiingia. Nikamwambia asubiri. Nikatoa futi yangu mkobani, nikapima kutoka sakafuni hadi kiti cha mbele cha abiria, nikapima mlango unavyofunguka, kisha nikazunguka nyuma nikapima buti. Akaniuliza kwa adabu kama nataka kushonea viti vitambaa. Nikamwambia mimi ni mwokaji keki, napima mahali pa mzigo wangu. Akashika upande wa pili wa futi.

Kuendesha, unajua, najua tangu siku nilipokuwa natembeza mikate ya watu. Kwa hiyo usiniandikie mahubiri. Niandikie salamu.

Dada yako

—

4 Machi

Dada, shikamoo. Mpe Baba shikamoo yake pia, na umwambie nimeitamka nikiwa nimesimama.

Barua yako ililala kwenye stoo ya kambi chini ya katoni za vijiti vya kuchomelea, mpaka karani alipozihamisha. Mvua imekatakata barabara, na lori la mahitaji linakuja linapojisikia. Simu usijisumbue nayo. Mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na huko upepo unakula kila neno la pili. Mimi mzima. Mgongo unauma asubuhi na kupona jioni, kinyume cha watu wote. Mpishi wetu wa kambi ameoa, na tangu aoe chumvi imepungua. Wengine wanasema ni furaha, wengine wanasema ni haraka ya kurudi nyumbani.

Daraja linaendelea. Tunatokea kingo zote mbili na tutakutana katikati. Ukisimama kwenye ncha ya upande wetu unawaona wenzetu wa upande wa pili wadogo kama njiti za kiberiti, na cheche zao zinadondoka majini. Sijawahi kufanya kazi niliyoipenda hivi.

Hongera kwa gari. Sasa mahubiri. Hizo krosova ni saluni iliyovaa viatu virefu. Umeangalia tairi la akiba? Nina hakika hukuliona, kwa sababu halipo: wanakupa kichupa cha gundi na pampu ndogo, wanakuambia nenda salama. Na kwa nini hukuniuliza kwanza? Mtu mmoja na keki zake angetosheka na kigari cha kawaida, tena kilichotumika.

Lakini nieleze, Baba alisemaje? Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote na kuyaita magari viatu vyenye injini lazima alikuwa na neno. Nimecheka peke yangu nikimfikiria amekaa mbele na kofia yake, akikuambia breki hushikwa kabla hujazihitaji.

Mdogo wako

—

26 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo zako nimezipokea zote mbili, na ya Baba nimeifikisha. Huku joto limeanza. Mwanangu amefaulu mtihani aliodai amefeli, kama kawaida yake. Shangazi alikuja kulitazama gari, akalizunguka, akagonga mlango kwa kidole kama anayenunua tikitimaji, akasema, "Dogo." Nikamwambia hata wewe, shangazi, si mrefu. Akacheka mpaka akaketi.

Unataka habari za kuishi nalo, basi hizi hapa.

Siku ya kwanza niliyokwenda nalo mjini, nilifika kwenye taa nyekundu, nikasimama, na injini ikazima. Kimya kabisa. Nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nyuma yangu lori, mbele yangu askari wa barabarani. Nikawa najiandaa kushuka nisukume, taa ikawa ya kijani, nikaondoa mguu kwenye breki, na gari likawaka lenyewe kama halijafanya kitu. Kumbe ndivyo lilivyotengenezwa: likisimama linajizima ili lisinywe mafuta bure. Kuna kitufe cha kulikataza, nami nakibonyeza kila ninapoingia, maana siupendi ukimya ule.

Jambo la pili ni kelele za mkanda. Niliweka mfuko wa unga kwenye kiti cha nyuma, gari likaanza kulia. Limeuhesabu unga kuwa abiria. Ikabidi niufunge mkanda. Sasa unga wangu unasafiri salama kuliko wanangu wa ubatizo.

Lakini buti, Cheche. Viti vya nyuma vinalala, sakafu inakuwa tambarare kama meza, na mlango wa nyuma unafunguka juu kabisa, sihitaji kuinamisha kitu. Jumamosi nilipeleka keki ya ghorofa tatu kwenye ukumbi wa harusi, matuta kumi na zaidi njiani, na tumbo la gari halikugusa hata moja. Zamani ningefika na ghorofa mbili na maelezo. Mama wa bibi harusi alinipokea mlangoni akasema, "Imefika nzima?" kama anayeuliza habari za mgonjwa. Nilifungua mlango wa nyuma nikamwacha ajionee.

Mkwaruzo wa kwanza tayari: lango la jirani mwalimu. Kamera ya nyuma ilinionyesha lango, mimi nikawa namtazama kuku. Mwalimu alisema lango ndilo lenye makosa, limezeeka.

Jumanne na Ijumaa tunakwenda mjini mimi na Baba. Anakaa mbele. Unauliza alisemaje kuhusu gari. Alilitazama sana.

Mwezi wa saba likizo yako iko palepale? Nataka kujua mapema nipange kazi za watu.

Dada yako

—

17 Aprili

Dada, shikamoo. Mimi mzima, daraja zima, mvua imepungua.

Nimezisoma barua zako tena, zote mbili, nikiziweka sambamba. Jirani anasema. Shangazi anasema. Muuzaji anasema, mama wa bibi harusi anasema, hata gari linalia likitaka mkanda. Baba hasemi. Hakuna mahali Baba anaposema kitu. Baba yangu mimi, ambaye hakuna barua kutoka nyumbani iliyowahi kukosa neno lake la kukosoa, "alilitazama sana."

Halafu ulipima kiti cha mbele cha abiria. Nimekifikiria hicho kiti nikiwa juu ya daraja mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Keki hazikai kwenye kiti cha abiria, Dada. Ulikuwa unampima nani?

Na Jumanne na Ijumaa mnakwenda mjini kufanya nini, kila wiki, mzee ambaye hapendi hata kutoka uani?

Sitaki salamu safari hii. Niambie.

Cheche

—

5 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia mezani jikoni, Baba amelala, keki ya mtu iko ovenini na haitaungua kabla sijamaliza.

Baba alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa anafunga kamba za viatu, nikasikia kikombe kinaanguka, nikaingia nikamkuta amekaa kitandani anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, mguu na mkono. Na maneno yalikuwa yameondoka. Alikuwa anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo kinatoka kitu kama pumzi. Akaacha kuufungua.

Siku ya kutoka hospitali nilikodi teksi, saluni ya chini. Dereva alimshika kwapa moja, mlinzi wa getini kwapa la pili, wakamkunja kama wanaingiza godoro. Mguu ukabaki nje. Wakamtoa, wakaanza upya. Watu waliokuwa wanasubiri foleni ya dawa wakageuka kutazama. Suruali yake ilikuwa imeshuka, naye hakuwa na mkono wa kuipandisha. Alinitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wake haukuwa na chochote kingine. Nilipofika nyumbani nilisema moyoni kwamba jambo hili halitarudiwa mbele ya macho yangu.

Basi ndiyo gari. Nilimpima nyongani akiwa amesimama ameshika meza, nikaenda na kipimo hicho kwa wauzaji mpaka nikapata kiti kinachomfika hapo. Sasa anasogea kinyumenyume, anaketi, anageuza miguu mmoja mmoja, kwisha. Hashikwi na mtu. Jumanne na Ijumaa nampeleka kwa mtaalamu wa viungo.

Kwa nini sikukuambia: mama alipougua uliacha kila kitu ukaja, ukakuta tumeshazika, na uliporudi kazini ukakuta mtu mwingine ameshika mashine yako. Hilo nalikumbuka. Lakini si mimi peke yangu niliyeamua. Nilipokaa kukuandikia mara ya kwanza nilimwambia Baba, "Naandika kwa Cheche." Aliukamata mkono wangu kwa ule wake mzima, akatikisa kichwa, na hakuniachia mpaka nilipoiweka kalamu chini. Mtu asiye na maneno amenipa amri moja tu. Nikaitii.

Sasa nikuambie na lingine, ambalo ni jipya, na nimelihifadhi kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na hakika.

Juzijuzi, tukirudi kutoka kwa mtaalamu, nilisahau kubonyeza kile kitufe. Tukafika kwenye taa nyekundu, gari likajizima. Nilikuwa nawaza mambo yangu, orodha ya mayai na siagi. Nikasikia sauti pembeni yangu:

"Imezima."

Cheche, nilidhani ni redio. Nikageuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea mbele ya gari, ameukunja uso, anasikiliza. Mtu aliyesikiliza injini maisha yake yote amesikia moja ikinyamaza bila ruhusa yake, na hilo lilimkera kuliko kimya chake mwenyewe.

Nikajikaza nisilie. Nikasema, "Inajizima yenyewe, Baba, inaokoa mafuta."

Akanitazama kama nimesema ujinga. Taa ikawa ya kijani, nikaondoa mguu. Akasikiliza tena, akasema polepole, kila silabi ikipita mlangoni peke yake:

"I-me-wa-ka."

Tulizunguka mji ule mpaka mshale wa mafuta ukaniomba tuende nyumbani. Kila taa nyekundu niliitafuta. Mtaalamu anasema maneno mengine yatarudi, mengine hayatarudi, na tusimharakishe. Tangu siku hiyo sikibonyezi tena kitufe.

Sasa nimesema yangu. Zamu yako. Nilikuuliza habari ya mwezi wa saba, ukanijibu habari ya kiti. Kiti nimekueleza.

Dada yako

—

19 Juni

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako niliipata zamani. Ni mimi niliyekuwa sijui niandike nini, kwa hiyo usililaumu lori.

Kwanza nilikasirika. Siku nilipoisoma nilichomelea mshono wa chuma wenye matundu kama chapati ya maji, mkaguzi akauzungushia chaki, nikaukata nikaurudia, ukatoka mbovu tena. Nilikuwa nasema na wewe kichwani. Nilikuwa nakuambia Baba ni wangu pia. Kisha niliisoma tena, na nilipofika mahali pa teksi nikavua kofia ya chuma nikakaa. Hukuwa na ndugu wa kukusaidia kumwingiza Baba kwenye gari, ukaenda ukatafuta gari ambalo halihitaji msaidizi. Mtu wa namna hiyo nimgombeze kwa lipi?

Jina la kiharusi nimelizoea sasa. Kwa siku kadhaa nilikuwa siwezi kulisema.

Na yangu ni haya. Mwezi wa kwanza waliniita ofisini, wakanifanya msimamizi wa wachomeleaji wote wa upande wetu. Nilitia sahihi kubaki mpaka ncha mbili za daraja zikutane. Likizo hakuna mpaka kazi hiyo iishe, na haitaisha mwaka huu. Nilijua hivyo nilipokujibu mara ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu najua ungesema "sawa," na naijua sauti unayosemea "sawa," nayo inanifikia hata kwenye karatasi.

Sasa nifanye nini? Nikija, mtu mwingine atakutanisha ncha zile. Nisipokuja, Baba anajifunza kusema upya na mimi siko. Sema nije, nitakuja na lori la kwanza. Nasema kweli, Dada. Nimeshakunja nguo.

Nina nyumba ya wasimamizi sasa, vyumba viwili na kibaraza cha mbao. Nakueleza tu ujue ninapokaa.

Mdogo wako

—

8 Julai

Mdogo wangu,

Sawa. Na hii ni sauti nyingine, isome vizuri.

Kunjua nguo zako. Usije. Tunakuja sisi.

Nilimsomea Baba barua yako yote, hata ya chapati. Nilipofika kwenye usimamizi wako alinyoosha kidole nirudie. Nikarudia. Akasema, "Wote?" Nikamwambia ndiyo, wachomeleaji wote. Akaangalia dirishani, kisha akasema neno ambalo sikulitegemea: "Twende."

Nimeshauliza. Mtaalamu anaruhusu, mradi tusimame mara kwa mara anyooshe mguu, na tukae siku chache tu. Fundi amelitazama gari, amebadilisha mafuta ya injini, ameniambia barabara ya kwenu ni mbaya lakini gari lina tumbo la juu, nipite polepole. Tutalala njiani kwa rafiki yangu niliyesoma naye uokaji. Wateja nimewaambia tanuri linapumzika. Mmoja amekasirika, atapona.

Barua hii naipeleka kwa dereva wa lori lenu la mahitaji. Inawezekana sisi tukafika kabla yake. Ukiona gari la kijivu lenye vumbi na mzee wa kofia mbele, usishtuke.

Dada yako

—

12 Agosti

Mdogo wangu Cheche,

Nimefika salama. Nyumba niliikuta ilivyo, mwalimu alikuwa akimwagilia maua yangu na kuyagombeza pia. Mwanangu yuko hapa kwa likizo fupi, ameleta sanduku langu, limevunjika kishikio. Habari zako na za Baba? Anameza dawa zake za asubuhi? Zile ndogo nyeupe anazificha chini ya ulimi.

Kuna mambo sikuyasema pale kambini kwa sababu tulikuwa watu wengi. Nayaandika sasa.

Ile barabara, ndugu yangu, ilitupima. Mahali lami ilipoishia palikuwa na makorongo ya magurudumu ya malori, nami nikawa naendesha juu ya matuta ya katikati kama mtu anayetembea ukutani. Baba alikuwa ameshika kile kishikio cha juu ya mlango, na kila bonde lilipokuja alikuwa analitaja kabla yangu: "Kushoto. Kushoto. Polepole." Tulipata pancha mahali pasipo na nyumba. Nikatoa kichupa ulichokicheka, nikafuata maelekezo ya kwenye karatasi, nikawasha pampu, na Baba akaketi mlangoni, miguu nje, akitazama mshale wa upepo unavyopanda. Tairi lilijaa likatufikisha. Nilitaka sana ulione hilo kwa macho yako.

Na ile siku ya mwisho. Ulikuwa umekwenda kuwaita wenzako waje kutuaga. Nilikuwa nimeshapakia, nimeshafungua mlango wake, mto wa mgongo umeshawekwa. Baba alikuwa kwenye kibaraza chako. Nikamwambia, "Baba, twende, jua lisije likatuzidi." Akasema:

"Nabaki."

Nikadhani neno limekosea njia, kama yanavyokosea mengine. Nikamsaidia: "Unataka kusema, nabanwa? Nakuja?" Akapiga mkongojo chini. "Na-ba-ki. Hapa. Kwa Cheche."

Uliporudi ulinikuta natabasamu na kuuliza habari za zahanati ya kambi na ratiba ya muuguzi wenu, ukasema, "Dada, wewe umelichukulia vizuri sana." Sikulichukulia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyefukuzwa kazi mchana kweupe. Miezi yote hii nimemwogesha, nimempima, nimemnunulia gari lenye kiti chake, na yeye anakaa siku nne kwenye nyumba ya mbao anasema nabaki.

Nilipoondoka nilikuwa na hasira mpaka kwenye lami. Hapo nilisimama pembeni nikanywa maji. Gari lilikuwa jekundu kwa vumbi, hata jina lake nyuma lilikuwa halisomeki. Nilikaa pale nikaona kwamba sijawahi kuwa peke yangu ndani yake kwa safari ndefu. Kila mara alikuwepo Baba, au keki, au unga. Nikarudisha kiti changu nyuma kidogo, nikafungua vioo, nikawasha redio juu kuliko anavyoruhusu. Rafiki yangu wa njiani alinipikia, tukazungumza mpaka chakula kikapoa. Kesho yake niliendesha vizuri, Cheche. Niliyapita malori bila kukunja mabega. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha, na hasira sikumbuki niliiacha wapi.

Lakini nataka kujua. Kwa nini alitaka kubaki? Kama anakuambia, niambie, hata kama litaniuma.

Dada yako

—

3 Septemba

Dada, shikamoo.

Dawa nyeupe anameza. Muuguzi amegundua ujanja wa ulimi, sasa anasimama mbele yake mpaka anywe maji yote. Asubuhi anatembea kwa mkongojo kutoka kibarazani hadi jiko la kambi na kurudi, na mpishi anampigia sufuria kwa kijiko akifika. Usiku analala vizuri kuliko mimi. Wiki iliyopita tulimvalisha kofia ya chuma, tukamfikisha mwanzo wa daraja. Alipitisha kiganja juu ya mshono mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza, "Wako?" Nikasema wa mwenzangu. Akataka kuonyeshwa wangu. Tulimwonyesha. Alikaa hapo mpaka chai ikaletwa hukohuko.

Umeuliza kwa nini alibaki. Nilimuuliza, hakunijibu. Nimeona mwenyewe, nami nakuandikia kwa heshima.

Wewe unamjua sana, Dada. Akianza neno, wewe unajua litakapoishia, na kwa upendo unalimalizia. Akisema "ma," unaleta maji. Nami niliwaona mkifanya hivyo siku zote nne, na mlikuwa mnaelewana vizuri mno. Hapa hakuna anayemjua. Jioni anakaa na wachomeleaji kwenye yale mabenchi, anaanza hadithi ya treni, na hakuna hata mmoja anayeweza kubahatisha neno linalofuata. Kwa hiyo wote wanasubiri. Wanaume wazima wameshika vikombe vyao, wanamtazama mdomo, wanasubiri. Juzi hadithi ya breki zilizoshika moto mlimani ilichukua jioni nzima, tena haikwisha, ikabidi imaliziwe kesho yake, na kesho yake benchi halikutosha. Wamemwita Dereva. Anaitika.

Simwambii mtu yeyote kwamba hadithi hiyo naijua. Nami nasubiri.

Muuguzi anaona akae mpaka mvua zikaribie, ndipo uje na gari lako umchukue, ukitaka. Nimeshamwambia fundi wa kambi aliangalie tairi lile lenye gundi, maana gundi ni ya muda tu.

Jana nilimwambia nakuandikia barua, kama ana neno. Safari hii hakukamata mkono wa mtu. Aliweka mkongojo chini, akafikiri muda mrefu, akafungua mdomo akaufunga, nami nikashika kalamu bila kumsaidia hata kidogo. Nayaandika kama yalivyotoka:

"Mwambie. Asije. Mapema. Bado. Naongea."

Mdogo wako,
Cheche